Sikio Lisilo na Kichwa

Kosa lenyewe halikuchukua hata muda wa kupiga chafya. Mama Vichupa alizitoa chupa mbili kwenye mashine ya kuzungusha, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akaona seli zimetulia chini kama tope jeupe na supu ya kuzilishia imebaki juu, safi, ya manjano hafifu. Akafanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umekifanya miaka nenda miaka rudi. Aliinamisha chupa ya kwanza juu ya ndoo ya klorini, akamwaga supu yote. Akainamisha ya pili, akamwaga. Akabaki na tope lake, ameridhika kabisa.

Alikuwa ameshafungua kifuniko cha dawa ya kupasulia seli ndipo akili ikafika, imechelewa, inahema.

"Mungu wangu," alisema peke yake. "Nimemwaga. Mimi mwenyewe nimemwaga!"

Usimcheke bado. Mkono ule ulikuwa na sababu zake. Kabla ya kazi hii alikuwa akifuga bakteria, na bakteria ni wachoyo: ukiwaagiza watengeneze protini, wanaitengeneza halafu wanaificha tumboni. Kwa hiyo unatunza tope, unamwaga maji. Lakini protini aliyokuwa akiitafuta sasa, kipokezi cha binadamu, ni kitu cha madaha. Bakteria wanakikunja vibaya, kinatoka kama nguo iliyokaushwa bila kukamuliwa. Ndiyo maana akahamia kwenye seli za binadamu zinazofugwa katika chupa. Na ni yeye, si mtu mwingine, aliyezipa seli hizo agizo kwamba kila kipokezi kikiisha kutengenezwa kitupwe nje, kwenye supu. Kazi yake yote ilikuwa kwenye supu. Sasa ilikuwa kwenye ndoo, na klorini haina huruma na protini ya mtu.

Alitaka kukaa, akakumbuka hana kiti. Kiti chake kilichukuliwa mapema wiki ile, akaambiwa kinahitajika ghorofa ya juu. Alikalia kreti ya soda aliyoipindua. Asubuhi hiyohiyo Profesa wa ghorofa ya juu alikuwa ameingia na futi ya kupimia, bila kubisha hodi, akapima ukuta wa dirishani ambapo friji yake mpya ingekaa.

"Usijali, endelea tu na vichupa vyako," Profesa alimwambia, futi ikiwa imemning'inia shingoni. "Mimi naangalia tu." Yeye ndiye aliyembandika jina hilo la Mama Vichupa, na jina lilishika kuliko gundi.

Jambo lilikuwa hivi. Taasisi ilizoea kuagiza vipokezi kutoka nje. Vilikuja kwenye boksi la barafu, boksi likakwama uwanja wa ndege, barafu ikawa maji, na mtafiti aliyengoja miezi akafungua boksi na kukuta kitu kilichokufa. Mama Vichupa alishaona watu wazima wakilia juu ya boksi. Akasema, mbona tusitengeneze wenyewe? Mkurugenzi, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akampa chumba na seli. Hiyo ilikuwa zamani. Sasa subira imeisha. Jumatano wangekuja wageni kutoka vituo vingine vya utafiti, na kipokezi chake kingepimwa mbele yao pamoja na cha kutoka nje. Kikifaulu, kitengo kinabaki na wageni wanakuwa wateja. Kisipofaulu, chumba ni cha Profesa, na Mama Vichupa anakwenda nyumbani mwisho wa mwezi.

Aliitazama ile chupa ya dawa ya kupasulia seli mkononi mwake. Akaliangalia tope. Kisha polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, akakifunga kifuniko.

Seli hazijafa. Alikuwa amezizungusha kwa upole tu. Zilikuwa hai mle chini, zimebanana, zina njaa, na agizo lao bado zinalo. Zikipewa supu mpya zitaanza tena kutupa nje, kidogo kidogo, leo, kesho, mpaka Jumanne. Alikimbia kwenye chumba cha baridi. Ilikuwepo chupa moja ya supu mpya, ya mwisho. Nyingine zote zilikuwa zimekwama uwanja wa ndege, pamoja na bahati mbaya nyingine za taasisi.

Aliigawa supu kwenye chupa mbili bapa, akaziamsha seli taratibu, akazipandisha kwenye mashine ya kutikisa, ndani ya chumba chenye joto la mwili. Mashine ikaanza kuziyumbisha.

"Nisameheni," aliziambia. "Nianzieni upya."

Nyumbani alimkuta shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, amejaa kwenye kiti cha mumewe. Mumewe, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi kwa sababu ya kutengeneza mafriji na mashine za kufulia, alikuwa amesukumiwa kwenye stuli ya jikoni. Mama mkwe alikuwa akimimina chai.

"Karibu, shemeji, karibu sana!" shemeji alimkaribisha mwanamke kwenye nyumba ya mwanamke. "Kaa, usisimame kama mgeni."

Akakaa. Alikuwa na harufu ya klorini mikononi na hakutaka kumpa mtu mkono.

"Nimesikia ya kazini kwako," shemeji alisema, ameshusha sauti kama yuko msibani. "Mama ameniambia. Si aibu, yanampata kila mtu. Mimi nikasema, tuna duka, na dukani nataka mtu mwaminifu wa kaunta. Nikimwacha shemeji yangu ahangaike, watu wataniona mtu wa namna gani?"

"Bado sijafukuzwa, shemeji."

"Ndiyo maana nimewahi!"

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki, akatoa koti la buluu, jipya, bado lina mikunjo ya kiwandani. Mgongoni liliandikwa kwa herufi nyeupe, kubwa kama za mabasi: MISUMARI, NONDO, RANGI.

"Hebu lijaribu tukuone."

"Kaka," Fundi alisema kutoka kwenye stuli.

"Wewe nyamaza, hujaulizwa. Jaribu, shemeji."

Mama Vichupa alimtazama mama mkwe, akitegemea kuokolewa. Mama mkwe akaziba birika kwa kifuniko chake. "Lijaribu tu, mwanangu," alisema. "Koti haliumi."

Akalivaa. Mikono ya koti ilimmeza mpaka kwenye ncha za vidole. Shemeji akamwambia ageuke, naye akageuka, kwa kuwa siku ile ilishamnyang'anya nguvu zote za kubisha. Alipogeuka aliona shingo ya Fundi imesimama mishipa, macho yako sakafuni.

"Ala! Limekupenda!" shemeji alisema. "Mwisho wa mwezi nakungoja. Dukani kwangu kiti kipo."

Shemeji akaondoka. Halafu Mama Vichupa akayatoa yote: supu, tope, ndoo. Aliyasema akiwa bado amevaa koti la misumari.

"Umemwaga?" mama mkwe aliuliza. "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Na shule yote ile?"

"Mama!" Fundi aliruka kutoka kwenye stuli. "Juzi mimi nimejaza gesi kwenye friji ya mtu kabla ya kuziba tundu. Gesi yote ikaenda zake. Mwenye friji amesimama hapo ananiangalia. Na mimi ni fundi!" Akamvua mkewe lile koti, mkono mmoja mmoja, kama anayemvua mtoto nguo mbichi. Akalikunja vibaya, akatoka nalo nje, akalitupa ndani ya pikapu. "Kesho namrudishia."

Mke alicheka kidogo, halafu akalia sana. Alilia kwa ajili ya supu, na kiti, na kugeuzwageuzwa kama nguo dukani.

Jumamosi asubuhi alifika maabara, akasikia kimya. Kimya kile alikijua kabla hajafungua mlango. Mashine ya kutikisa ilikuwa imesimama, injini yake inazunguka bure, na chini yake mkanda wa mpira ulikuwa umelala kama mjusi aliyekanyagwa. Seli zilikuwa zinazama. Seli za namna hii zisipotikiswa zinalaliana chini na kukosa hewa.

Alizinyakua chupa zote mbili, moja kila mkono, akaanza kuziyumbisha. Simu aliibana kwa bega.

"Fundi, mkanda umekatika. Njoo sasa hivi. Njoo ulivyo!"

Fundi alikuja alivyo, na alivyokuwa ni pamoja na mama yake, kwa sababu alikuwa akimpeleka sokoni na hakupata pa kumshusha. Getini mlinzi aliwazuia.

"Fundi wa mashine aingie, ana ovaroli. Mama hapana. Bila koti hakuna kuingia maabara, imeandikwa mlangoni."

"Basi nangoja hapa juani niive," mama mkwe alisema.

Mlinzi akaona haya. Fundi akaangaza macho huku na huku, akakumbuka. Alilitoa lile koti la buluu nyuma ya pikapu, akalikung'uta vumbi. Mama mkwe alilivaa, akafunga vifungo vyote hadi kooni, na kwa vile alikuwa mwanamke mwenye mwili, lilimkaa vizuri kabisa. Akapita mbele ya mlinzi na MISUMARI, NONDO, RANGI zake mgongoni, shingo juu kama mkaguzi.

Fundi alilala chali chini ya mashine, akatoka na mkanda. "Huu ni ndugu yake wa mashine ya kufulia," alisema, akiuvuta vidoleni. "Ila mwembamba. Hapa sina. Lakini kuna mzee mmoja ana uwanja mzima wa mashine zilizokufa, hawezi kukosa. Mtangoja?"

"Hizi haziwezi kungoja," mkewe alisema. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kuchoka. "Nitaziyumbisha mpaka urudi."

"Zote mbili?"

"Lete moja," alisema mama mkwe.

"Mama, mkono utakuuma."

"Mkono huu umembembeleza huyu bwana hapa, aliyekuwa halali mpaka jogoo. Na kaka yake, aliyekuwa mbaya zaidi. Lete, nimesema."

Basi Fundi akaondoka mbio, nao wakabaki wawili kwenye kile chumba cha joto, wamekaa kwenye kreti za soda, magoti yanagusana. Mama Vichupa alimwonyesha: usikoroge, usipige, yumbisha tu, kama unasuuza kikombe na hutaki maji yamwagike. Mama mkwe aliangalia mara moja, akashika. Chupa ikawa inazunguka mkononi mwake taratibu, supu inapanda ukingo na kushuka.

Waliyumbisha, wakayumbisha. Jasho likawa linawatiririka.

"Ndani humu kuna nini hasa?" mama mkwe aliuliza. "Niambie kama mtu. Usiniambie kama ulivyomwambia yule mtangazaji wa televisheni aliyekuhoji, ambaye hakuelewa akawa anaitikia kwa kichwa tu."

Mama Vichupa alifikiri kidogo. "Mwili ukiumia, mama, unapiga kelele. Umejikata, au wadudu wa ugonjwa wameingia, seli za mahali pale zinapiga kelele, 'Jamani, huku!' Kelele zenyewe ni protini ndogo, zinaitwa saitokini. Sasa kelele isiposikiwa haina kazi. Kwa hiyo seli nyingine zina masikio. Hayo masikio ndiyo vipokezi. Yakisikia, seli zinakuja kusaidia, mahali panavimba, panapata moto."

"Kama magoti yangu."

"Kama magoti yako. Hapo kelele hazinyamazi hata kama hakuna kidonda. Watafiti wanataka kujua dawa gani inaweza kuzituliza. Lakini watajuaje bila masikio ya kujaribia? Ndiyo ninayotengeneza mimi. Masikio matupu, yanaelea kwenye supu, hayajashikana na seli yoyote."

"Sikio lisilo na kichwa?"

"Ndiyo hivyo, mama."

Mama mkwe aliacha kinywa wazi, halafu akaangua kicheko mpaka chupa ikayumba. "Na mwanangu mkubwa ana kichwa kisicho na masikio! Jana nilikukonyeza umwambie hapana, na yeye nilimkonyeza anyamaze, hakuna aliyeniona!"

"Ulinikonyeza? Si ulisema, 'Lijaribu tu'?"

Kicheko kiliisha. Mama mkwe aliitazama chupa yake inavyozunguka.

"Nilikwambia," alisema. "Sikukonyeza mtu, nimejitetea tu. Niliogopa, mwanangu. Baba yao alifukuzwa kazi mtu mzima, akakaa kwenye kiti kilekile cha sebuleni mpaka anaondoka duniani. Nikasema heri kaunta kuliko kile kiti. Na kuna jingine, nilitoe lote. Mtaani wakiniuliza mkweo anafanya kazi gani, mimi nawaambia anaosha chupa. Sikujua la kusema. Naona chupa, chupa, chupa. Nikasema anaosha."

Lilimchoma. Mama Vichupa hakuficha. "Hilo limeniuma, mama."

"Lazima likuume. Ni baya." Mama mkwe alihamisha chupa mkono wa pili bila kupoteza mzunguko. "Sasa nitasema jingine. Hebu nirudie: saito nani?"

"Saitokini."

"Saitokini," alisema, na akairudia mpaka Fundi aliporudi, amejaa grisi, mkanda shingoni kama nishani, anapiga mbinja.

Jumanne asubuhi, kabla ya kugusa chupa, Mama Vichupa aliibeba ndoo ya klorini, akaitoa nje, akaiweka mwisho wa korido nyuma ya mlango. Mfagiaji alimwangalia.

"Inavuja?"

"Haivuji. Mimi ndiye ninayevuja."

Alizizungusha seli, akaimimina supu kwa mikono miwili kwenye chombo safi, na hakupumua mpaka tone la mwisho. Akaipitisha kwenye bomba la kioo lenye shanga ndogo zilizotengenezwa kukamata kipokezi tu na kuacha takataka zipite. Alikaa kwenye kreti yake akihesabu matone, akinywa maji, akiogopa. Mwishowe aliziosha shanga kwa maji ya chumvi maalumu, na kilichotoka kilikuwa kimiminika cheupe kama maji, kichache, hakijazi hata kifuniko cha kalamu. Kwa macho hakuna cha kuona. Mashine ya kupimia ilisema protini imo. Kama ni sikio zima au sikio lililokunjamana, mashine ile haisemi.

Wageni walikuja Jumatano wakiwa wamebeba kipokezi chao cha kutoka nje, wamekipakata kwenye barafu njia nzima, maana nao walishaumwa na viwanja vya ndege. Profesa alikuwa amevaa tai.

"Kwa heshima yote," alimwambia Mkurugenzi mbele ya watu, "kipimo kikifanywa na mwenye mali, mali haikosi kuwa nzuri. Mirija niipange mimi. Mmoja wa nje, mmoja wa Mama Vichupa, mmoja maji matupu. Nitaitia alama za rangi na yeye asijue upi ni upi."

Wageni wakatazamana. Mmoja wao, dada mwenye miwani mikubwa, alikunja uso. Mama Vichupa alihisi masikio yake yanawaka moto. Kuitwa mwizi kwa lugha ya adabu kunauma kuliko kuitwa kwa matusi.

"Naomba iwe hivyohivyo," alisema. "Na mimi ndivyo ninavyotaka."

Profesa akaenda kwenye kona, akarudi na mirija mitatu, ina vidoti vya wino: nyekundu, kijani, nyeusi. Akamnong'oneza Mkurugenzi upi ni upi. Mama Vichupa akavuta sahani ya plastiki yenye visima vidogo vidogo, ambavyo alikuwa ameshavipaka saitokini, ile kelele ya mwili. Safu ya kwanza akaweka ya nyekundu, ya pili ya kijani, ya tatu ya nyeusi. Pipeti, kibomba chake cha kudondoshea, ilikuwa imetulia mkononi mwake. Wakangoja. Akaosha, akakung'uta, akaosha. Kipokezi kisichoshika kilikwenda na maji. Akaweka dawa inayonata kwenye kipokezi peke yake, akaosha tena, na mwisho akadondosha rangi, ambayo ni maji meupe mpaka ikutane na kipokezi kilichobaki.

Chumba kizima kiliinamia sahani ile ndogo. Safu nyekundu: nyeupe. Safu ya kijani: nyeupe. Nyeusi: nyeupe.

"Basi tena," Profesa alisema kwa huzuni nzuri sana.

"Subiri," alisema dada wa miwani.

Kwenye safu ya kijani kulitokea wingu la buluu, dogo, likajaza kisima. Kisha kisima cha pili, cha tatu. Safu nzima ikawa buluu. Mama Vichupa alikuwa akiitazama ile nyeusi. Nyeusi ilikuwa bado. Alisikia moyo wake mpaka kwenye meno. Akaiona supu kwenye ndoo, akaliona koti, akaiona kaunta. Na hapohapo, wakati ameshaanza kuaga, kisima cha kwanza cha nyeusi kikavuta buluu, na vingine vikafuata kwa pupa, mpaka safu ya pili na ya tatu zikawa sawasawa, na ile ya kwanza imebaki nyeupe, maji matupu, peke yake.

Akadondosha asidi ya kusimamisha. Buluu yote ikageuka manjano ya kung'aa. Sahani ikaingizwa kwenye mashine ya kusoma rangi, mashine ikasoma, na dada wa miwani akayasoma majibu mara mbili.

"Zimelingana," alisema. "Kijani na nyeusi, zimelingana kabisa."

"Nyekundu ni nini?" Mkurugenzi alimuuliza Profesa, ingawa alijua.

"Maji."

"Kijani?"

"Ya nje."

"Na nyeusi?"

Profesa aliilegeza tai yake. "Nyeusi ni… ya kwetu."

"Ya nani?"

"Ya Mama Vichupa."

Makofi yalipigwa, na mgeni mmoja alipiga meza. Dada wa miwani alikuwa ameshafungua shajara yake. "Mnaweza kuanza kututengenezea lini? Sisi kule tumechoka kulia juu ya maboksi."

"Mwezi ujao," Mama Vichupa alisema, na kwa sababu furaha ilimlegeza ulimi akaongeza: "Nikiacha kumwaga. Supu ya kwanza ya kipokezi hiki niliimwaga yote kwenye klorini. Hii mliyoiona ni ya pili, na imeyumbishwa kwa mkono na mama mkwe wangu."

Hapo dada wa miwani akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Dada yangu! Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwaga mara mbili. Mara mbili! Bosi wangu akanifungia ndoo kwa kufuli."

Mkurugenzi hakucheka, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Alimgeukia Profesa. "Chumba kinabaki hapahapa. Kwanza kabisa, mrudishieni kiti chake. Wewe mwenyewe kilete, Profesa, uko nacho ofisini."

Profesa akaenda. Kikaja kile kiti, kinapiga kelele magurudumu korido nzima, na wafanyakazi wakitoa vichwa milangoni kuangalia.

Nje, pikapu ya Fundi ilikuwa imeegeshwa kivulini tangu asubuhi. Mama mkwe alikuwa amekaa ndani yake, dirishani. Mama Vichupa alitoka getini anatembea, halafu akashindwa, akakimbia. Akainua mikono yote miwili juu. Fundi alipiga honi, akaipiga tena, akaganda hapohapo kwenye honi, na mama mkwe akapiga vigelegele mpaka mlinzi akasahau geti wazi.

Jumapili shemeji alikuja kuchukua koti lake. Habari alikuwa ameshazipata, na alizibeba kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. Safari hii alikuta kiti cha Fundi kina Fundi. Aliketi kwenye stuli.

"Nimefurahi," alisema. "Kwa kweli nimefurahi. Basi lile koti mnirudishie, nimepata kijana wa kaunta."

"Koti gani?" mama mkwe aliuliza kutoka jikoni.

"La duka, mama. La buluu."

Mama mkwe alitoka. Alikuwa amelivaa. Lilikuwa limefuliwa na kupigwa pasi, na alipogeuka kuweka birika mezani walimwona mgongo: MISUMARI, NONDO, RANGI zote zilikuwa zimefunikwa kwa kipande cha kitambaa cheupe, kimeshonwa kwa mkono, mshono uliopindapinda kidogo, lakini imara.

"Mama! Koti la duka umelifanya nini?"

"Hili si la duka. Hili ni koti langu la kazi."

"Kazi gani? Wewe?"

"Maabara," alisema mama mkwe, akimmiminia chai. "Tunatengeneza masikio. Mwili unapiga kelele, kelele zinaitwa saitokini, sasa lazima wawepo wa kuzisikia. Ni kazi ndefu, sitakuelezea yote kwa leo. Kunywa chai."

Shemeji alimwangalia mdogo wake, akamwangalia shemeji yake. Hakuna aliyemwokoa. Mama Vichupa alikuwa ameuma mdomo, mabega yanamtetemeka.

"Lakini, mama, yule kijana atavaa nini?"

"Mshonee jingine. Hili siwezi kulitoa." Mama mkwe aliinyoosha mikono ya koti, akafunga kifungo cha kooni. "Jumamosi tuna zamu."